Lockerbie: kisanduku cheusi hakikusema "bomu"

Kila darasa la ukaguzi wa mizigo ninalofundisha, lazima mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, si walisikiliza tu kisanduku cheusi wakajua kuwa ni bomu?" Hapana, na nimechoka kulirudia.

Pan Am 103, Boeing 747, ilisambaratika juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, tarehe 21 Desemba 1988, dakika 38 baada ya kuondoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Walikufa watu 270, 11 kati yao wakiwa majumbani mwao. Vinasa vyote viwili, yaani visanduku vyeusi, vilipatikana. Cha sauti kilikuwa na maongezi ya kawaida ya marubani, kisha kishindo kisichofika hata sekunde moja, basi. Cha mwenendo wa ndege kilionyesha safari tulivu, kikakatika. Umeme ukishakatika, kinasa hakijui kama ni bomu au ni bodi ya ndege iliyochoka.

Kilichosema ni chuma. Mabaki yalitapakaa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na watu waliyaokota kwa mikono, shamba kwa shamba. Kontena moja la mizigo la alumini, AVE 4041, lilikuwa na masizi na vishimo vidogo vidogo upande mmoja. Ubavu wa ndege uliokuwa mkabala na upande huo ulipasuka kwa umbo la nyota, kingo zimekunjukia nje. Uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwa matumizi ya muda mrefu, haupasui hivyo! Wiki moja tu baada ya ajali, ikatangazwa kuwa ni bomu. Baadaye, ndani ya ukosi wa shati lililoungua, kikakutwa kipande cha saketi kisichozidi ukucha, kikawafikisha wachunguzi kwenye saa ya kulipulia iliyotengenezwa Zürich.

Eti bomu lilikuwa kubwa? Kilipuzi cha Semteksi kisichofika nusu kilo, ndani ya redio kaseti. Eti ndege iliteketea angani? Ilivunjika vipande, pua yake iliangukia shamba la Tundergarth, na moto mkubwa uliwaka mabawa yenye mafuta yalipoipiga mitaa ya mji.

Na mlipuaji hakuwa abiria wa kujitoa mhanga. Mwaka 2001 mahakama ya Uskoti iliyokaa Camp Zeist, Uholanzi, ilikubali kwamba sanduku la nguo lenye bomu lile lilitoka Malta peke yake, bila mwenyewe. Ndiyo maana nawakazania wanafunzi wangu: abiria hajapanda, begi lake linashuka, hata kama ni la mwisho kabisa ndani ya shehena na rubani anahimiza kuondoka.