Swali la kabila kwenye faili la mjane

Wanafunzi wa ustawi wa jamii wanaokuja fildi kwenye kitengo chetu hospitalini huijaza fomu ya tathmini vizuri. Umri, elimu, idadi ya watoto, dalili, historia ya ugonjwa, vyote vimo. Wakifika kwenye mstari wa kabila na dini kalamu inakwenda mbio. Mmoja ataandika neno moja na kuendelea, mwingine ataruka kabisa. Nikiwauliza kwa nini, naambiwa, "Sikutaka kumuudhi, mwalimu."

Nawaelewa, tumelelewa hivyo. Sensa ya mwisho ya Tanzania kuwauliza watu kabila ilikuwa ya 1967, na afisa anayeanza na kabila kabla ya shida huonekana ana lake jambo. Ni tabia njema ya nchi hii, wala sitaki ituondokee. Ila mbele ya mjane inamgharimu mteja, kwa sababu kwenye mirathi sheria zetu hazijaacha kuuliza.

Mwanamume akifa bila wosia, Tanzania Bara haina sheria moja ya kugawa alichoacha. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anapata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo mpaka leo tunaitumia, hasa kwa Wakristo ambao maisha yao yalishaachana na mila, mjane anapata theluthi ikiwa watoto wapo. Kwa sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zilizotangazwa serikalini mwaka 1963, mjane hana fungu iwapo marehemu ana jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Nenda Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, na hesabu inabadilika tena. Nyumba ni ile ile na ndoa ni ile ile. Kinachoamua mama huyu atalala wapi mwezi ujao ni jinsi mumewe atakavyotambuliwa: mtu wa kabila fulani anayefuata mila, Mwislamu, au Mkristo aliyekaa mbali na ya ukoo. Mahakama huitafuta picha hiyo kwenye maisha aliyoishi, na shemeji anayejua anachokifanya huanza kuichora mapema, matanga yangali mabichi.

Sasa mlete mama huyo kwetu. Daktari ameandika rufaa: hapati usingizi, chakula hakipiti, moyo unamwenda mbio, hana hamu ya chochote. Lile dodoso la maswali 9 la sonona limetoa alama za juu. Dawa zimeanza, na sisi tunaombwa unasihi wa msiba. (Ninayemsimulia nimemuunga kutoka kwa wajane wengi, msimtafute.) Mwanafunzi anakaa naye, anamsikiliza kwa upole, anamwongoza kwenye safari ya kukubali. Kikao kinakwisha vizuri. Hakuna aliyemuuliza usiku analala wapi, na kumbe funguo za nyumba anazo shemeji tangu siku ya arobaini.

Sisemi kwamba haumwi. Sonona ni sonona, na dawa anazihitaji. Lakini unapomfundisha mtu kukubali, jua unamtaka akubali nini. Kifo, sawa. Msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na neno hilo huwatuliza wengi. Shida ni pale neno hilo hilo linapotandazwa juu ya kazi ya shemeji. Mume kafa, haya. Nyumba kufungwa, cherehani kubebwa, kiwanja kuuzwa, hayo yana majina ya watu na tarehe. Muungano wa kimataifa wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii, katika fasili ya taaluma yetu iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, uliiweka haki ya kijamii kwenye kiini cha kazi yenyewe. Wanafunzi wangu wanaikariri fasili hiyo vizuri sana kwenye mtihani, kisha wakija wodini huiacha mlangoni, wakidhani inahusu warsha na mabango. Mimi nadhani inaanzia hapa, kwenye kuzitenga hasara mbili zilizofika pamoja.

Kuna jambo jingine ninaloligomea kwenye ripoti zao. Mjane anasema, "Hata mahakamani hawatanisikiliza." Mwanafunzi aliyesomeshwa tiba ya kubadili fikra anaandika: mteja ana mawazo hasi, tutayapa changamoto. Subiri kwanza. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, waliwahi kwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni hizo za 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Anayesema sheria imempa kisogo huenda ameisoma kuliko wewe. Ukimwambia hiyo ni fikra potofu, umemfanyia alichofanya ukoo: umemwambia aliyoyaona hayapo.

Wala usimwache hapo hapo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi atakapo, asiolewe tena, au aolewe na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa maneno mengine, harithiwi na mtu asipotaka. Nimewahi kuona mgongo wa mtu ukinyooka kwa kusikia hilo tu, kabla hata hatujazungumzia nyumba. Na kwa ardhi, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory, ilikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sio ushindi wa kila mtu, lakini mlango upo, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaujua kuliko sisi. Mwandikie rufaa ya huko kama unavyoandika ya kwenda maabara.

Sasa utambulisho wa upande wetu wa meza. Vyuoni husemwa kwamba mteja hufunguka kwa mtu wa kwao. Si mara zote. Mjane wa Kisukuma akikutana na kijana wa Kisukuma mwenye ukoo unaojulikana, anaweza kufunga mdomo kabisa, maana maneno husafiri na yatamfikia mama mkwe kabla ya Ijumaa. Wengine hupumua wakipewa mtu wa mbali. Muulize yeye. Na kama Kiswahili chake ni cha shida, mwangalie anayejitolea kutafsiri. Mara nyingi ni yule yule aliyemleta, naye mara nyingi ni ndugu wa marehemu. Kwa hilo sina subira hata kidogo: mkalimani anatoka nje ya familia, au kikao kinaahirishwa.

Mama wa Kiislamu aliye edani, ambayo ni miezi 4 na siku 10, humwiti kliniki kila wiki kama wengine. Anatumwa mwanafunzi wa kike nyumbani, kwa ruhusa yake. Tena aende akijua kwamba mama akiwa ndani, kikao cha ukoo kinaweza kukaa na msimamizi wa mirathi akapendekezwa bila yeye kusikia.

Na namna ya kuuliza? Silazimishi "wewe kabila gani". Nawafundisha waulize: mlioana wapi, kwa taratibu gani? Marehemu alizikwa wapi, na nani alisimamia? Aliwahi kusema mali yake aiache vipi? Nani aliitisha kikao cha ukoo, na wewe uliitwa? Maswali hayo hayaudhi, tena wajane wengi huyajibu kirefu kwa sababu ndiyo wanayoyawaza usiku. Majibu ya jina na ukoo wa shemeji hayaingii kwenye faili la wodi, ambalo kila anayepita hulifungua. Yanakaa kwenye kumbukumbu za kitengo.

Kabla ya kikao cha pili, mwanafunzi aniletee vitu vitatu: cheti cha kifo anacho nani, msimamizi wa mirathi ni nani na aliteuliwa na mahakama ipi, na tarehe ya uteuzi. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na pingamizi la mjane linapelekwa mahakama ile ile. Asipoijua tarehe hiyo, sisaini ripoti.