Goti la beki kijana: maswali ya wazazi kuhusu hoki ya barafu

Watoto wanaokulia Ontario au Minnesota huvaa viatu vya barafu mapema, na wazazi waliotoka Mombasa, Bukavu au Dar es Salaam hujikuta wamekaa pembeni mwa uwanja wa mchezo ambao wao wenyewe hawakuucheza. Mtoto akiumia goti, maswali huja mengi kwa mkupuo. Haya ni yale yanayobeba uzito zaidi.

Kijana wetu ana miaka 18, ni beki, na ukano wa goti, yaani ukanda unaoshikilia mifupa pamoja, umekatika. Ndoto ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki Amerika Kaskazini, imekwisha?

Hapana. Mtazameni Erik Johnson, beki aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa katika drafti ya NHL ya 2006, yaani zoezi ambalo timu huchagua wachezaji vijana kwa zamu, akachukuliwa na St. Louis Blues. Septemba 2008, akiwa na miaka 20, aliumia katika shughuli ya gofu ya timu: mguu wake ulinaswa kwenye kigari, kano mbili za goti zikakatika. Msimu wote wa 2008–09 hakucheza. Aliporudi alipata pointi 39 katika msimu huo wa kwanza, akashinda medali ya fedha na Marekani kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010, na mwaka 2022 akanyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, akiwa na Colorado Avalanche. Alipita michezo 1,000 ya NHL.

Jared Cowen naye, beki wa Kanada, aliumia goti vibaya Januari 2009, miezi michache tu kabla ya drafti yake. Ottawa Senators walimchagua hata hivyo, nafasi ya 9, na msimu wa 2011–12 alicheza michezo yote 82. Baadaye nyonga ndiyo iliyomsumbua, na hakudumu kama Johnson. Nawataja wote wawili makusudi. Goti peke yake halikufunga mlango wa yeyote kati yao, lakini mwili wa mchezaji ni mmoja, na anayepona goti bado ana nyonga, mgongo na kifundo cha mguu vya kutunza.

Eksirei imetoka safi. Mbona goti bado limevimba?

Kwa sababu eksirei inaonyesha mifupa. Kano na gegedu, ile mito laini kati ya mifupa, hazionekani humo. Kijana akisikia kitu kimelia ndani ya goti, kisha likavimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu iliyoingia kwenye kiungo, na hiyo ni dalili ya jeraha kubwa hata kama mifupa ni mizima. Anahitaji kupimwa kwa mikono na daktari wa mifupa au wa michezo, na kwa kawaida picha ya MRI, inayoonyesha kano na gegedu. Tafadhali msikubali kurudishwa nyumbani na neno "safi" pekee iwapo goti linalegea au linajifunga anapotembea.

Jeraha lote la goti ni sawa?

La hasha, na hapa ndipo majaliwa ya mchezaji yanapoamuliwa. Katika hoki ya barafu, ukano unaoumia zaidi ni ule wa upande wa ndani wa goti, kwa sababu mchezaji hugongwa kutoka nje na goti likasukumwa ndani. Huo mara nyingi hupona bila upasuaji, kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi: wiki chache ukiwa umevutika kidogo, miezi kadhaa ukiwa umekatika kabisa.

Ukano wa msalaba wa mbele, ule ambao mashabiki wa soka wanaujua kwa herufi ACL, ni habari nyingine. Ukikatika kabisa, kwa kawaida haujiungi vizuri wenyewe, na kijana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka kwa ghafla mara nyingi hushauriwa kuwekewa ukano mpya, unaotengenezwa kwa kipande cha ukano wa mwili wake mwenyewe. Kipande kutoka kwa marehemu hufeli zaidi kwa vijana, kwa hiyo ulizeni kitatoka wapi.

Kisha kuna meniski, vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali vinavyobeba uzito kati ya mfupa wa paja na muundi. Kikichanika, kushonwa ni bora kuliko kukatwa pale inapowezekana, ingawa kushonwa kunamweka kijana nje kwa muda mrefu zaidi. Bobby Orr wa Boston Bruins, ambaye wengi humhesabu kuwa beki bora kuliko wote, aliingia NHL mwaka 1966 akiwa na miaka 18, akapasuliwa goti la kushoto mara nyingi, na akastaafu mwaka 1978 akiwa na miaka 30 tu. Enzi zile madaktari walifungua goti zima na mara nyingi kuitoa meniski iliyochanika. Leo kamera nyembamba huingia kwa tundu dogo. Kijana wenu anaumia katika zama nzuri zaidi, na hilo linanipa matumaini ya kweli.

Atarudi lini uwanjani?

Hili ndilo swali ambalo wazazi, makocha na kijana mwenyewe hulikosea zaidi, kwa sababu wote wanatafuta tarehe.

Baada ya kuwekewa ukano mpya, miezi mitatu au minne ikipita maumivu huwa yametulia, uvimbe umeisha, na kijana anatembea bila kuchechemea. Anajiona mzima. Lakini kile kipande kilichopandikizwa bado kinajengwa upya ndani, kinapata mishipa mipya ya damu, na ni dhaifu kuliko anavyodhani. Utafiti wa wanamichezo nchini Norwei ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Mwezi mmoja, nusu! Hakuna mechi ya mtoano inayostahili kubadilishwa na hilo.

Tena miezi 9 ni kiwango cha chini. Kabla ya kurudi, misuli ya mbele ya paja iwe na nguvu isiyopungua 90% ya ile ya mguu usioumia, aruke na kutua kwa mguu mmoja bila goti kuingia ndani, na yeye mwenyewe asiwe na hofu. Hofu ipimwe kama inavyopimwa nguvu, maana mchezaji anayeogopa husita, na anayesita hugongwa vibaya.

Kwa beki kuna jambo la ziada. Yeye huteleza kinyumenyume, kisha hugeuka ghafla kumfukuza mshambuliaji, na huinama kwa goti moja kuzuia kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kinapopigwa kwa nguvu. Kuteleza mbele kwa mstari ulionyooka, ambako huruhusiwa mapema, hakuthibitishi chochote kati ya hayo. Mwoneni akigeuka pande zote mbili, amechoka, kabla ya kuamini kwamba amepona.

Je, akiumia mara ya pili?

Kwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye mchezo, takriban 23% huumia tena ACL, katika goti lile lile au la pili. Upasuaji wa marudio hautoi matokeo mazuri kama wa kwanza. Hapo mazungumzo yawe ya ukweli kabisa, kwa sababu hata bila jeraha la pili, karibu nusu ya waliokatika ACL huonyesha dalili za kusagika kwa kiungo baada ya miaka 10 hadi 20. Kijana wa miaka 18 atakuwa hajafikia 40.

Bibi anataka kumchua kwa mafuta ya moto.

Mapenzi ya bibi yana kazi nyingine nyumbani. Goti lililovimba upya halichuliwi kwa nguvu wala kupashwa moto. Linafungwa kwa bandeji, linainuliwa, linawekwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.

Tufanye nini na mwaka huu wa kukaa nje?

Beki hukomaa polepole kuliko mshambuliaji, na timu zinalijua hilo. Wengi huanza kutegemewa NHL wakiwa na miaka 22 au 23, kwa hiyo mwaka mmoja katika umri wa 18 haujaharibu hesabu. Atumie muda huo kwa shule. Katika WHL, mojawapo ya ligi kuu za vijana za Kanada, kila msimu aliocheza humpatia mwaka mmoja wa kulipiwa masomo. Na tangu Agosti 2025, waliocheza ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza hoki ya vyuo vya daraja la kwanza Marekani, mlango uliokuwa umefungwa kwao. Kwa goti linalohitaji muda, chuo kina faida: mechi ni chache kwa wiki, na siku za mazoezi ya nguvu ni nyingi. Mwulizeni kocha wa chuo, kabla ya kutia saini, ni nani anayeamua mchezaji aliyeumia arudi uwanjani. Akijibu kwamba ni yeye, tafuteni chuo kingine.