Jamani, kufubaza siyo kuzima

Nimeisikia tena juzi Isevya kwenye kahawa, jamaa mmoja dereva wa lori anasema kwenye migodi ya makaa ya mawe wanamwaga unga wa mawe "kuzima moto", na wote wanaitikia. Nikanyamaza, ila imenikaa.

Kifupi ni hivi: vumbi la makaa likipeperuka hewani likakutana na cheche linalipuka, kwa hiyo wanalichanganya na unga usioungua ili mwali usisambae. Basi, huko ndiko kufubaza.

Sasa hilo neno. Kanga ikipigwa jua sana tunasema imefubaa, haijachanika, ipo, ila rangi imekosa makali. Hata zile dawa tunaambiwa zinafubaza virusi, hakuna nesi atakayekwambia zinaviua. Kuzima ni mpaka kitu kiwe kimeshawaka, unakuja na ndoo. Kufubaza unakuwa umetangulia, unga umeshamwagwa chini na kwenye kuta za handaki siku nyingi kabla ya cheche yoyote.

Mara nyingi inaanza gesi, methani, inalipuka kidogo tu, upepo wake unanyanyua vumbi lote la njiani na hilo vumbi ndiyo linaua. Kwenye mgodi wa Courrières kule Ufaransa mwaka 1906 walikufa hivyo watu 1,099. Unga wa mawe ya chokaa ukiwepo unanyanyuka pamoja na lile vumbi, unakunywa joto, punje moja inashindwa kuiwasha jirani yake. Na siyo kiganja kimoja bwana, sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 80 ya vumbi lote lililotanda humo liwe la kitu kisichoungua. Bekin soda, hii hii ya maandazi, nayo inafaa, ikipata joto inatoa kabonidayoksaidi na mvuke, na fosfeti za amonia, aina ya chumvi za kikemikali, zenyewe zinaingilia mpaka kemia ya mwali.

Ukibisha kwamba vumbi ni tofauti na bonge, nenda kwa muuza mkaa wa kwetu huu wa miti, uone bonge linavyokusumbua kushika moto, halafu angalia zile chenga za chini ya gunia zikidondokea jikoni zinavyorusha cheche.

Kwa hiyo kaka dereva, stori yako ilikuwa nzuri, badilisha tu hilo neno moja. Ule unga ukiusubiri moto uwake ndiyo uukimbilie na koleo, umeshachelewa.