Saloni ya Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna kanapé (kochi) moja Katuba, hapa Lubumbashi, iliyozaliwa ndani ya nyumba na itafia humo humo. Seremala aliileta vipande vipande, akaiunganishia saloni, akaivika kitambaa, akalipwa, akaenda zake. Miaka miwili baadaye tukapata kilio. Vijana wa mtaa wakaingia kutoa vyombo nje ili akina mama watandike mikeka. Fotei, vile viti vya mtu mmoja, zikapita, meza ikapita, kanapé ikakwama mlangoni. Waliilaza, wakaisimamisha, wakang'oa miguu, wapi. Mwishowe wafiwa walikaa wakiizunguka kama gari lililoharibikia njiani. Hiyo kanapé ni ya kwetu, na aliyeichagua ni mimi, fundi rangi, mtu anayelipwa kushauri wengine namna ya kupanga nyumba zao.

Tangu siku hiyo ninapoingia kwa mteja natanguliza futi ya kupimia mlangoni kabla ya kutazama kuta. Halafu nasikiliza, maana kila nyumba ina maneno yake iliyorithi juu ya nini ni kizuri na nini hakifai. Mengine yana ukweli ndani. Mengine yametoka kwenye katalogi za Ulaya, na mengine yametoka kwa muuzaji.

"Saloni bila seti nzima si saloni"

Seti ya watu saba, meza ya kioo katikati, vimeza vidogo pembeni, kabati la televisheni, na vitambaa vya kufuma juu ya kila mgongo wa kiti. Hivyo vitambaa sivitukani: vinazuia mafuta ya nywele yasiingie kwenye kitambaa cha fotei, na vinafuliwa kwa dakika tano. Tatizo ni seti. Mtu mzima anahitaji upana wa sentimita 60 hivi ili apite bila kugeuka ubavu, na kati ya kiti na meza ziachwe 40 au 45, magoti yapumue. Chora seti yako kwa chaki sakafuni kabla ya kulipa. Mara nyingi utakuta watu saba wanaenea wakikaa, ila wa nane akija kuchukua maji inabidi wote wasimame.

Nyumba zetu hupokea watu kwa makundi: kilio, mahari, watu wa kanisa, ndugu kutoka Likasi au Kolwezi waliokuja "siku mbili". Kwa hiyo kiti chepesi kinachobebwa na mtu mmoja kina thamani kuliko kiti cha kifalme. Kanapé ya watu wawili na fotei mbili, pamoja na viti vya plastiki vinavyopandana nyuma ya mlango, vinatosha. Tena usivibane vyombo ukutani. Acha upenyo wa vidole vinne. Mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu, hujenga njia zao za udongo mahali palipojificha, na nyuma ya kabati lililobanwa utaziona siku ambayo kabati limekwisha liwa. Huyo anayekuambia mbao ngumu hailiwi kamwe, muulize ni sehemu gani ya mti. Moyo wa mti wa mulombwa unavumilia sana. Ile mbao nyeupe ya pembeni, ya mti huo huo, wanaimaliza.

"Chumba kidogo dawa yake ni rangi nyeupe"

Nusu kweli. Nyeupe hurudisha mwanga, lakini ni lazima mwanga wenyewe uwepo. Chumba chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, ukikipaka nyeupe kitakuwa kijivu, kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Humo afadhali rangi yenye joto kidogo: krimu, njano hafifu, hata rangi ya mchanga.

Halafu kuna udongo wetu. Wekundu wake ni chuma kilichopata kutu ndani ya ardhi, na kiangazi kikikomaa, Agosti na Septemba, upepo unauingiza ndani hata mlango ukifungwa. Ukuta mweupe mpaka chini utakaa mweupe wiki tatu. Wazee waliokuwa wanapaka mita moja ya chini rangi nzito ya mafuta, kahawia au nyekundu ya tofali, na juu rangi ya maji nyeupe, hawakuwa washamba. Walikuwa wamehesabu vumbi, mikono ya watoto na migongo ya viti. Mkanda ule unapanguswa kwa kitambaa kibichi na maisha yanaendelea. Vijana siku hizi wanauona wa kizamani kwa sababu ulikuwa kwenye nyumba za kambi za wafanyakazi. Mimi naupaka kwa kijani cha majani makavu au bluu ya giza, na hakuna anayelalamika.

Neno "kibichi" nimelisema kwa makusudi. Mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911, na udongo wake, hasa upande ambao moshi wa kiwanda ulizoea kuelekea, umebeba shaba, kobalti na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukifagia pakavu unalirusha vumbi hewani na linatua tena kwenye sahani na kwenye vidole vya mtoto. Pangusa kwa maji. Ndiyo maana pia zulia zito la manyoya katika saloni ya hapa silipendi: ni ghala la vumbi. Mkeka, au tapi nyembamba inayotoka nje kukung'utwa, inafaa zaidi.

"Ukuta ukilowana, paka rangi ya mafuta, maji hayatapita"

Maji yatapita, ila yatapita nyuma ya rangi. Nyumba nyingi za tofali hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, kwa hiyo tofali linanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ukilifunika kwa rangi isiyopumua, unyevu unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, rangi inavimba malengelenge, kisha inabanduka pamoja na plasta. Mteja anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza rangi.

Tiba iko nje ya nyumba. Maji ya manjanja (mabati ya paa) yasimwagike miguuni pa ukuta: weka mfereji, au chimba kijito kinachoyapeleka mbali. Kama maua yamepandwa yakigusa ukuta na yanamwagiliwa kila jioni, yahamishe. Subiri kiangazi, kuanzia Mei, ukuta ukauke hasa, ndipo upake. Kwa kuta za zamani chokaa ni bora, kwa kuwa inaacha unyevu utoke, na yenyewe inaendelea kuwa ngumu ikivuta hewa ile ile tunayoipumua nje.

Na kwa nyumba za zamani kuna onyo moja. Rangi za wakati wa ukoloni mara nyingi zilikuwa na risasi. Usizikwangue pakavu, tena watoto wakiwa ndani.

"Dirisha la jua ni la kusini"

Hili nimelisikia kwa mama mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji, na alilisema kwa uhakika wa mtu aliyelipia tiketi. Kule ni kweli. Hapa tuko digrii kama 11 na nusu kusini ya ikweta. Mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, si kusini. Kwa hiyo ukitaka kona ya kuotea jua mwezi Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya digrii 10 na asubuhi vidole vikikataa kushika kalamu, weka kiti chako kwenye dirisha la kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili jua linapita karibu na utosi, hapo dirisha halina kosa, joto linatoka kwenye manjanja. Ndipo dari inapolipa gharama yake, hata ikiwa ya triplex (plywood) tu, mradi hewa ipite juu yake.

Dirisha la magharibi ndilo la kuwekea rido (pazia) nzito. Yule mama aliweka rido nzito pande zote nne, za rangi ya zabibu, na mchana wote alikuwa anawasha taa.

Juu ya taa, kwa kifupi: ampuli (balbu) nyeupe kama ya hospitali haiangazi zaidi kwa sababu ya weupe wake. Kiasi cha mwanga ni lumeni. Ile namba yenye herufi K kwenye boksi inaeleza rangi tu. Kwenye 2700 au 3000 mwanga ni wa manjano kama wa koroboi, kwenye 6500 ni ule wa bluu unaofanya kila mgeni aonekane mgonjwa. Saloni inataka wa kwanza.

"Makala yakishakuwa mekundu hayana hatari"

Baridi ya Juni ndiyo inaingiza mbabula ndani, yaani jiko la makala (makaa). Wengi wanaamini hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri uishe. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kinaweza kuua walio ndani wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje. Ndani tumia blanketi.

"Ndimu inang'arisha kila kitu cha Katanga"

Hapa nawaomba mkae vizuri, kwa sababu nimeona mali nzuri ikiharibiwa na mikono yenye nia njema.

Shaba ya kugongwa, zile sahani na nyuso za ukutani, au misalaba midogo inayokumbusha ile iliyokuwa fedha ya mababu kabla ya faranga, inakubali ndimu na chumvi. Asidi ya ndimu inayeyusha lile tabaka jeusi, chumvi inaisaidia. Suuza kwa maji mengi, kausha mara moja, la sivyo kesho imekuwa na madoa. Lakini kwanza angalia kama fundi aliipaka vanishi. Kama ina vanishi, ndimu haina kazi, na ukisugua kwa nguvu utaitoboa hapa na pale, nayo itageuka kuwa na mabaka kama chui. Hiyo inatosha kitambaa laini na maji. Tena si lazima shaba ing'are. Shaba iliyoiva, yenye kahawia ya asali, kwenye ukuta wa krimu, mimi naiona nzuri kuliko ile inayomulika macho.

Malakiti ni habari nyingine kabisa. Lile jiwe la kijani lenye mistari, ingawa lina shaba ndani, ni kabonati, na asidi inalila. Tone la ndimu au siki linatoa vipovu na kuacha doa lisilong'aa tena. Jirani yangu aliosha kisanduku cha malakiti cha marehemu baba yake kwa ndimu, usiku kabla ya sikukuu, na asubuhi kilikuwa kama kimepakwa majivu. Tena ni jiwe laini, mchanga wa kawaida unalikwangua. Kitambaa, maji kidogo, basi. Na bakuli la malakiti lisiwekwe machungwa wala nyanya za kuliwa.

"Picha za kuchora ni mambo ya Wazungu"

Hapa huwa nashindwa kunyamaza. Miaka ya 1970, mji huu ulikuwa na wachoraji waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiuza picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na wanunuzi wao walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu. Saloni ya heshima ilikuwa na mamba muntu wake, nusu mwanamke nusu samaki, au mandhari ya kijiji, au askari wa kikoloni mwenye kiboko mkononi. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao. Michoro yake zaidi ya 100 ya historia ya nchi leo imehifadhiwa Amsterdam, wakati sisi tunatundika kalenda za makampuni. Kabla yake, mwaka 1946, Hangar, karakana ya wachoraji, ilikuwa imeanza hapa hapa, na kina Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walitokea humo.

Kama mamba muntu anakuletea shida na mchungaji, kuna ndege na samaki wa kutosha. Ila usiitundike picha chini ya dari, imeinama kama inachungulia sufuria. Katikati yake pawe mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, na ikiwa juu ya kiti ishuke kidogo zaidi, kwa sababu saloni hutazamwa na watu waliokaa. Msumari ugonge kwenye tofali, si kwenye kiungo cha udongo kati ya tofali na tofali. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole usikilize. Juu ya ile kanapé yetu nilikosea mara mbili, na mara ya pili picha ilimwangukia shemeji.