Raundi ya gofu ni masaa manne, akili unaihitaji dakika 45 tu

Wengi wanaokuja kwangu wananiambia kocha, swingi yangu (nnavyozungusha fimbo) iko poa ila kuanzia shimo la 13 akili inahama. Na mimi kabla hata hatujashika fimbo nawauliza, ulikuwa unawaza nini wakati unatembea?

Manake hebu tupige hesabu. Mashimo 18 yanakula masaa manne hadi manne na nusu. Tuseme unapiga mikwaju 90, kila mmoja ukiupa nusu dakika ya kujipanga na kupiga, jumla dakika 45. Muda wote uliobaki unatembea, unasubiri walio mbele watoke kwenye grini (pale penye shimo), unamsaidia mwenzio kutafuta mpira majanini. Raundi nyingi zinafia hapo. Mtu kakunja uso toka tii ya kwanza (pale unapoanzia kupiga) anataka awe makini masaa yote manne, kaanza saa tatu asubuhi, anafika la 13 jua la Dar liko utosini na kichwani hakuna kitu tena.

Kwahiyo mimi nafundisha kuwasha na kuzima. Kuwasha: simama nyuma ya mpira, chagua kitu kidogo kwenye mstari wako, jani kavu au alama ya majani yaliyokatwa, kama futi moja au mbili mbele ya mpira. Vuta pumzi, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta (mabega yanashuka yenyewe hapo). Swingi moja ya majaribio, ingia, tazama unakolenga mara moja, piga. Sheria za gofu zenyewe zinashauri usizidishe sekunde 40 na ukizidisha ndo mashaka yanapoingia. Kuzima: bandua glovu. Ule mlio wake wa kraaa ndo mwisho wa mkwaju, uwe mzuri uwe mbaya. Baada ya hapo piga stori na kedi wako (anayekubebea fimbo), Simba na Yanga, bei ya mchele, chochote, kunywa maji, kula ndizi.

Kuna mzee namfundisha, shimo la 16 alikuwa na pati (ule mkwaju wa kusukumia mpira shimoni) ya futi tatu tu. Namwangalia mikono, mishipa imemtoka hadi kwenye viwiko, na macho yameshakimbilia shimoni kabla fimbo haijagusa mpira. Ukapita kulia, haukugusa hata mdomo wa shimo. Nikamuuliza mzee wangu, ulikuwa wapi? Akasema nilikuwa nshajumlisha kadi, nikiingiza hii namaliza na 88. Yaani mwili uko la 16, akili iko klabuni inahesabu. Siku hizi akiputi anatulia kuangalia nukta ya mpira, na ukishaondoka anaendelea kuangalia majani pale ulipokuwa.

Hili linawakuta hata wakubwa. Rory McIlroy, mchezaji wa kulipwa wa Ireland Kaskazini, mwaka 2011 aliingia siku ya mwisho ya Masters, mashindano makubwa ya gofu Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne, shimo la 10 likamharibikia akamaliza siku na mikwaju 80, mingi mno kwa mtu wa kiwango chake. Akarudi 2025, safari hii anaongoza kwa miwili, na shimo la kwanza tu akapoteza mikwaju miwili. Shimo la 18 akakosa pati fupi ya kuchukua ubingwa, ikabidi arudi kwenye tii kuchuana na Justin Rose waliyelingana mikwaju. Wako njiani kedi wake, Harry Diamond, ambaye ni rafiki yake toka utoto, akamwambia kama Jumatatu asubuhi, kabla mashindano hayajaanza, wangepewa nafasi hii wangeipokea. Akaenda akapiga bedi (mkwaju mmoja pungufu ya kiwango cha shimo), akashinda. Mimi nayapenda mno yale maneno ya Harry kwasababu hayahusu fimbo wala upepo, alimzimia mwenzie ile pati iliyopita kabla hajawasha mkwaju mwingine.

Jioni kabla hujaondoka uwanjani weka mipira futi tatu kutoka kwenye shimo, ingiza 20 mfululizo, ukikosa mmoja unaanza upya. Kwenye ya 18, ya 19, mikono itaanza kukaza kama ya yule mzee. Usiharakishe, rudi nyuma ya mpira, toa pumzi, tafuta jani lako.