Gluteni si rangi ya unga

"Shemeji hali gluteni? Usijali, tutampikia chapati za atta." Maneno haya, au ndugu zake, husikika kila Disemba kuanzia Nakuru hadi Busia, wageni wanapoanza kuteremka kwenye matatu na mabegi yao. Nia ni njema. Ila chapati ya atta, ule unga wa kahawia wa ngano, ina gluteni tele, sawa na ile nyeupe na wakati mwingine kuishinda.

La maana tulimalize upesi. Gluteni ni mtandao wa protini unaojitokeza unga wa ngano unapotiwa maji na kukandwa. Protini mbili, glutenini na gliadini, hushikana zikawa nyuzi. Moja huleta nguvu, nyingine huleta mvuto. Shayiri na rai, nafaka jamaa za ngano, zina protini za ukoo huohuo, nazo huhesabiwa humo. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, muhogo, viazi, ndizi na maharagwe havina.

Jina lenyewe lingetosha kuwaongoza watu kama wangelisikiliza. Kwa Kilatini, gluten ni gundi. Hakuna rangi ndani ya neno hilo, wala utamu, wala uzito wa mwili. Ni mnato tu, ulimbo wa aina yake. Mtoto yeyote wa Njoro au Mau Narok aliyewahi kupita kando ya shamba la ngano iliyokomaa anaujua: unafikicha suke, unatia punje mdomoni, unatafuna na kumeza ule uji mtamu, na baada ya dakika chache unabaki na chingamu. Chingamu hiyo ndiyo gluteni. Huko Bologna, Italia, mwanazuoni Jacopo Beccari alifanya jambo lilelile kwa beseni badala ya meno, akaosha unga kwa maji hadi kikabaki kitu kinachonata, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1745.

Jaribio lake unaweza kulirudia leo jioni. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, karibu gramu 125, na vijiko vitano vikubwa vya maji. Kanda hadi donge liwe laini, liache nusu saa, kisha likamuekamue ndani ya beseni la maji, ukibadilisha maji yanapokuwa meupe kama maziwa. Baada ya kama dakika kumi maji hubaki maangavu, na mkononi una kibonge cha kijivujivu kinachovutika, cha ukubwa wa yai dogo. Sasa rudia kwa unga wa wimbi: donge lote litayeyukia majini na mkono utabaki mtupu. Kisha rudia kwa atta. Kibonge kitakuwepo, kikiwa na madoadoa ya pumba.

Maana atta ni ngano. Tofauti ni kwamba haikukobolewa ikabaki moyo wake mweupe tu; pumba na kiini kile kinachochipua vimesagwa humo. Hizo zina faida zake, nyuzinyuzi hasa, lakini hazikufukuza gluteni. Nadhani kosa linatokana na jinsi chapati za atta zinavyopasuka kingo na kukauka, mpishi akaamua kwamba "hazina ile kitu ya kuvuta." Zinayo. Vipande vya pumba vina makali yanayokata nyuzi, na tena hunywa maji yaliyokusudiwa unga. Dawa yake ni maji na subira: kama vikombe viwili vya unga mweupe hutaka robo tatu ya kikombe cha maji, atta itataka karibu kikombe kizima, na donge lipumzike dakika 40 badala ya 20. Hapo utaona linavyovutika.

Kosa la pili liko upande wa mchele. Wali wa mchele wa Ahero ukishikana kidogo, utasikia mtu akiulaumu kwa gluteni. Mchele hauna. Kinachonatisha wali ni wanga, na wanga si gluteni. Ni yale maji meupe uliyoyamwaga kwenye beseni. Hapa ndipo pia panapoingia mkanganyiko wa sukari, ambao una madhara zaidi. Mwenye kisukari anahesabu wanga. Kumwondolea gluteni na kumpa chapati ya unga wa mchele au wa muhogo hakumsaidii. Sukari yake ya damu huweza kupanda upesi kuliko angekula ya atta. Wageni wawili kwenye meza moja, mmoja mwenye kisukari na mwingine asiyekula gluteni, huenda wakahitaji sahani zinazopingana.

Na asiyekula gluteni naye si wa aina moja. Kuna anayejihisi vizuri tu akiiacha. Kuna mwenye mzio wa ngano. Halafu kuna mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake kila gluteni inapopita, hata asipohisi kitu siku hiyo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo moja. Vumbi la unga kwenye kibao cha chapati linatosha kukipita.

Kwa hiyo muulize kwanza ni yupi. Akiwa wa siliaki, chakula chake kipikwe kabla ngano haijafunguliwa. Kibao na mti wa kusukumia usiviguse, mbao huhifadhi unga kwenye nyufa. Mafuta yaliyokaangia mandazi yana makombo. Unga wa wimbi uliosagwa kwenye posho mill inayosaga pia ngano umeshachanganyika, na unga wa uji wa mchanganyiko usome pakiti, maana wengine hutia ngano. Mchuzi wa kuku uufanye mzito kwa kiazi kilichopondwa au karanga. Bia nayo, nyingi ni ya shayiri.

Chapati bado anaweza kupata, ya namna nyingine. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi na kijiko cha mafuta. Epua, mimina kikombe kimoja cha unga wa wimbi, koroga, funika dakika kumi. Kanda ukiwa bado vuguvugu, gawa madonge matano, na bapisha kila moja kwa kiganja kati ya vipande viwili vya jani la ndizi vilivyopakwa mafuta, unene wa milimita tatu au nne. Kikaango kiwe na moto wa wastani, dakika mbili kila upande. Maji lazima yawe yamechemka kweli: ndiyo yanayoivisha wanga ukashika kazi ya gundi. Ukitumia ya baridi, itavunjika mikononi. Ukiisukuma nyembamba kama ya ngano, itavunjika pia. Na iliwe moto, ikilala inakuwa kigae.

Usijaribu mahamri ya hamira kwa unga wa muhogo. Hewa ya hamira hushikwa na gluteni. Bila hiyo inatoroka na unabaki na jiwe. Afadhali kabalagala, wanazozijua vizuri watu wa Busia: ndizi ndogo tamu zilizoiva hadi kuwa na madoa, ziponde bila tone la maji, ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo hadi donge liuache mkono, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa mafuta ya moto wa wastani. Moto ukizidi, sukari ya ndizi hugeuka nyeusi nje na katikati bado mbichi. (Mwenye kisukari, hizi zimpite.)

Basi shemeji akifika na kusema hali gluteni, zile za atta wape wengine. Yeye mpe kuku na ule ugali wa mtama na muhogo mliotaka kuuficha kwa kuwa ni Krismasi.