Kwa nini Schoenberg na Sibelius wamewekwa kwenye diski moja?

Mwaka 2008 mpiga fidla Mmarekani Hilary Hahn alitoa diski yenye konseto mbili za fidla, yaani kazi za fidla moja kuu na okestra, akisindikizwa na okestra ya Redio ya Uswidi iliyoongozwa na Esa-Pekka Salonen. Moja ni ya mtunzi Jean Sibelius wa Finland, ya 1904, iliyorekebishwa 1905. Nyingine ni ya Arnold Schoenberg wa Vienna, aliyoimaliza Marekani mwaka 1936. Diski hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Wengi hudhani Sibelius, wa enzi ya Romantiki (mtindo wa hisia nzito wa karne ya 19), ndiye muziki wenyewe, na kwamba Schoenberg, wa kisasa, anapanga noti ovyo. Sivyo hata kidogo. Kwanza, hawa ni watu wa rika moja: Sibelius alizaliwa 1865, Schoenberg 1874. Tena huyo "wa zamani" ndiye aliyeishi zaidi. Alifariki 1957, miaka sita baada ya mwenzake. Pili, konseto zote mbili zina sehemu tatu, na zote zinampa mpiga fidla nafasi ya kupiga peke yake huku okestra imenyamaza. Schoenberg hakuubomoa mtindo wa konseto aliorithi. Na kuhusu mpangilio, wake ni mkali kuliko wa Sibelius.

Unakuwaje? Muziki wa Ulaya una noti 12. Schoenberg anazipanga zote katika mfuatano mmoja, na kazi nzima inatokana na huo. Fikiria njia ya mlimani yenye vituo 12. Unaweza kuipita kutoka mwanzo hadi mwisho, au kurudi kinyumenyume. Unaweza pia kuigeuza, kila mpando ukawa mteremko wa kadiri ileile, kisha hiyo iliyogeuzwa nayo ukaipita kinyumenyume. Hizo ni njia nne. Kila moja inaweza kuanzia kwenye noti yoyote kati ya 12, kwa hiyo mtunzi ana njia 48 mkononi, zote za ukoo mmoja. Wapo wanaodai kwamba ni marufuku noti kurudiwa kabla ya nyingine zote kusikika. Hilo nalo limetiwa chumvi, kwani noti inaweza kupigwa mara kadhaa papo hapo, na mifuatano miwili inaweza kwenda sambamba. Wala msikilizaji hatakiwi kuhesabu. Ni wachache mno wanaoweza kuutambua mfuatano kwa sikio tu.

Sikiliza milango ya kuingilia. Kwa Sibelius, fidla za okestra zinatetemeka kwa sauti ya chini sana, kisha fidla kuu inaingia juu yake. Kwa Schoenberg, fidla inafungua kwa noti mbili jirani, A na ile iliyo nusu toni juu yake, ambazo ndizo vituo viwili vya kwanza vya njia yake.

Ukiona Schoenberg anakulemea, anza na sehemu yake ya tatu. Ina mwendo wa gwaride, na mapigo yake yanashikika upesi.